Kichwa cha Sultani Lusinga: Namna Kazi Moja ya Ukumbusho Ilivyogeuzwa Mara kwa Mara



Katika kitabu cha yubile ni desturi kuandika majina: majina ya mapadri waliotangulia, ya makatekista waliotembea kwa miguu, ya waashi waliochoma matofali. Desturi hiyo ni njema. Lakini kila mtu anayeandika majina huacha mengine, na siku moja yale yaliyoachwa hurudi kuuliza nafasi yao. Kwa sababu hiyo nimeona vema kuwasimulia habari ya jumba moja kubwa la Ulaya, ambamo nyuso za watu wetu zilionyeshwa kwa namna isiyo ya haki kwa miaka mingi, na habari ya wasanii waliojaribu kuisawazisha. Kazi yao haikutimia mara moja. Ilifanywa, ikalaumiwa, ikaongezwa, ikageuzwa. Tena katikati ya kazi hiyo yumo mtu wa nchi yetu ya Tanganyika, ndiye sultani Lusinga wa Marungu.

1. Mtu wa Marungu

Sisi wa Kiambi tunakaa kwenye mto Luvua, pahali zilipokoma zamani meli zilizopanda kutoka Ankoro, maana kutoka hapa kwenda juu mto una maporomoko. Tukielekea upande wa mashariki tunafika kwenye milima ya Marungu, na ng'ambo ya milima ni ziwa Tanganyika. Katika karne ya 19, ndizo nchi zilizopitiwa na njia za pembe na za watumwa. Watu wa Marungu, ndio Watabwa, walikuwa na wakubwa wengi wadogo. Mmoja wao, Lusinga, alipata bunduki, akawa na nguvu kuwapita wenzake. Msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika kwake mwaka 1879.

Yafaa kusema kweli yote tangu mwanzo. Lusinga hakuwa mtu mpole. Alishambulia miji ya jirani, akateka watu na kuwauza kwa wafanyabiashara wa pwani ya mashariki, na kwa bei yao akaongeza bunduki. Wazee wa miji aliyoiteketeza hawakuwa na sababu ya kumlilia. Anayetaka kumfanya leo kuwa shujaa asiye na doa atakosea.

Mwaka 1883 alifika Mpala, kando ya ziwa, ofisa wa jeshi la Ubelgiji aitwaye Émile Storms. Alitumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoundwa na mfalme Leopold II mwaka 1876. Storms alichanjiana damu na sultani Mpala, akajenga boma kubwa, na watu wakamwita Bwana Boma. Yeye na Lusinga hawakuweza kukaa pamoja, kwani kila mmoja alitaka kuwa mkubwa peke yake. Tarehe 4 Desemba 1884 askari wa Storms walishambulia mji wa Lusinga. Sultani akauawa. Wakamkata kichwa, wakakipeleka kwa Bwana Boma.

Mwaka uliofuata, 1885, Storms aliitwa kurudi Ulaya. Katika mizigo yake mlikuwamo fuvu la Lusinga, na mafuvu ya wakubwa wengine wawili, Maribu na Mpampa. Ilikuwamo vilevile sanamu ya mti ya wazee wa Lusinga, ambayo ilikuwa heshima ya ukoo wake. Nalo boma la Mpala likaachiwa Mapadri Weupe mwaka huohuo. Hivi ndivyo misioni ya Mpala ilivyoanza: ndani ya kuta zilezile ambamo kichwa cha sultani kililetwa miezi michache mbele. Kutoka nchi ileile ya Marungu alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo nzima wa nyakati hizi. Kati ya kifo cha Lusinga na upadrisho wa Kaoze ni miaka 33 tu. Neema na damu zilipita katika njia moja, na historia yetu haiwezi kusimulia moja na kuficha nyingine.

2. Jumba la Tervuren

Tervuren ni mji mdogo karibu na Bruxelles. Mwaka 1897 mfalme Leopold II alifanya huko maonyesho ya mali ya Kongo. Watu 267 wa Kongo waliletwa kukaa katika vijiji vya maonyesho, Wabelgiji wakaja kuwatazama. Saba kati yao walikufa huko kwa ugonjwa, na makaburi yao yako hata leo kando ya kanisa la Mtakatifu Yohane Mwinjili la Tervuren. Kisha mfalme akamwita fundi Mfaransa Charles Girault achore jumba kubwa la mawe kwa ajili ya vitu vya Kongo. Leopold alikufa Desemba 1909, na jumba likafunguliwa mwaka 1910 na mfalme Albert I.

Mtu akiingia kwa mlango wa zamani hujikuta katika ukumbi wa duara, wenye marumaru sakafuni na kuba juu. Katika kuta zake ziliachwa nafasi, na katika nafasi hizo zikawekwa sanamu. Zile kubwa, zilizopakwa dhahabu, ni kazi ya mchongaji Arsène Matton. Moja huitwa kwa Kifaransa kwa maneno yenye maana hii: Ubelgiji ukiileta ustaarabu Kongo. Hapo amesimama mmisionari wa Ulaya, na mtoto mweusi ameshika kanzu yake akimwangalia kwa chini. Nyingine inaonyesha utumwa, na mwenye kosa ndani yake ni Mwarabu peke yake. Wazungu ni dhahabu na wako juu. Watu wa Kongo wako chini, hawana jina.

Fuvu la Lusinga nalo lilifika katika jumba hilo. Lilikaa kwanza nyumbani kwa Storms, aliyekufa mwaka 1918. Mwaka 1935 mjane wake alilitoa kwa Tervuren. Mwaka 1964 likahamishiwa katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Viumbe huko Bruxelles. Sanamu ya mti ya wazee wake ikabaki Tervuren, ikasifiwa na wataalamu kuwa kazi bora ya Watabwa. Waliosifu sanamu hawakusema mara nyingi namna ilivyofika.

3. Kivuli cha majina saba

Kwa muda mrefu wakubwa wa jumba hawakugeuza neno. Mwaka 2002 mchoraji wetu Chéri Samba wa Kinshasa alifanya picha iitwayo « Réorganisation ». Ndani yake watu weusi wanavuta kwa kamba, watoe nje ya jumba sanamu ya mtu-chui ambayo iliwatia haya Waafrika wengi, na watu weupe wanaivuta kwa kuirudisha ndani. Picha hiyo ilisema wazi ugomvi wote: anayetukanwa na sanamu anataka itoke, na aliyeizoea anataka ibaki.

Mwishoni mwa mwaka 2013 jumba lilifungwa kwa kutengenezwa upya, likafunguliwa tena Desemba 2018. Sanamu ya mtu-chui na nyingine za namna hiyo zikawekwa kando, katika chumba cha chini, pamoja na picha ya Chéri Samba. Lakini sanamu za dhahabu za ukumbi wa duara hazikuweza kutolewa. Jumba lenyewe linalindwa na sheria ya majengo ya zamani, na sanamu zile zimehesabiwa kuwa sehemu ya kuta. Basi swali likawa hili: mtu afanye nini penye ukuta unaosema uongo, ikiwa hana ruhusa ya kuubomoa?

Jibu la kwanza lilitoka kwa Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa. Katika jumba hilo kuna chumba chenye ukuta ulioandikwa majina ya Wabelgiji 1.508 waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Majina ya Wakongo waliokufa wakati huo hayakuandikwa hata moja. Tsimba hakugusa ukuta. Alichukua majina ya wale saba wa 1897, akayaweka kwenye vioo vya madirisha ya upande wa pili, na kazi yake akaiita « Ombres », yaani vivuli. Jua likiwaka, mwanga hupita katika vioo na majina ya saba huanguka kama vivuli juu ya majina 1.508. Jua likifichwa na mawingu, yanapotea, likirudi, yanarudi. Kazi hiyo isingewezekana penginepo. Imefungwa na chumba kile, na dirisha lile, na ukuta ule.

4. Kichwa cha kwanza

Kwa ukumbi wa duara alitafutwa Aimé Mpane, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1968, aliyesoma kazi ya usanii huko na Bruxelles. Mpane ni mtu wa tezo. Hachongi mti mpaka uwe laini. Huutoboa, huacha alama za chuma zionekane, na mara nyingi kazi yake ina mianya ambamo jicho hupita.

Alifanya kichwa kikubwa cha mtu wa Afrika, cha mti uliotobolewa, chenye matawi yanayochipuka. Akakiita « Nouveau souffle, ou le Congo bourgeonnant », maana yake ni pumzi mpya, au Kongo inayochipuka. Kiliwekwa katikati ya ukumbi, ili kila mgeni akutane nacho kwanza, mbele ya sanamu za dhahabu. Nia yake ilikuwa tumaini: watu waliowekwa chini ya ukuta, sasa mmoja wao anasimama katikati, naye yu hai, anachipuka.

Tungeweza kufikiri kwamba kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Jumba lilipofunguliwa, wengi walisema kichwa kimoja hakitoshi. Kizuri, ndiyo, lakini kimezungukwa. Sanamu za dhahabu ziko pande zote, nazo ziko juu. Mgeni akiinua macho anapokea tena mafundisho yaleyale ya zamani. Tena tumaini lilisemwa mbele ya maumivu, kama mtu anayeimba Aleluya bila kupita Ijumaa Kuu. Februari 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaoangalia mambo ya watu wa asili ya Afrika walitembelea Ubelgiji, nao wakasema kwamba mageuzi ya jumba hayakufika mbali vya kutosha.

5. Fuvu na mapazia

Hapo Mpane angeweza kukasirika. Fundi akilaumiwa, mara nyingi husema: mimi nimemaliza, ninyi hamfahamu. Lakini yeye alirudi kazini, na wakubwa wa jumba wakampa nafasi. Hakukiondoa kichwa cha kwanza. Alifanya kichwa cha pili, akakiweka kikabiliane na cha kwanza. Na kichwa cha pili ni fuvu: fuvu la sultani Lusinga.

Tuangalie vizuri kilichogeuka. Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Mwafrika yeyote, hakikuwa na jina. Cha pili kina jina, kina mji, kina tarehe ya kufa. Cha kwanza kinatazama mbele. Cha pili kinarudisha macho nyuma. Peke yake, fuvu lingekuwa kilio tu, na kichwa chenye matawi, peke yake, kingekuwa faraja isiyo na sababu. Vikitazamana, kila kimoja kinakipa kingine maana yake. Mgeni anayepita katikati anatembea kati ya kifo na uhai, naye anajua kwamba uhai huu ulitoka katika kifo kile.

Zilibaki sanamu za dhahabu. Kwa hizo Mpane alijiunga na msanii Mbelgiji, Jean Pierre Müller. Jambo hilo nalo lina maana: ugomvi wa Wakongo na Wabelgiji ulitengenezwa na Mkongo na Mbelgiji kwa mikono yao minne. Walitengeneza mapazia 16 ya kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na juu ya kila moja wakachapa picha ya nyakati zetu. Kila pazia likatundikwa mbele ya sanamu yake. Kazi hiyo wakaiita « RE/STORE ». Neno hili la Kiingereza, likisomwa pamoja, ni kutengeneza kilichoharibika na kumrudishia mtu mali yake. Likikatwa katikati, sehemu ya pili ni ghala, mahali pa kuweka vitu.

Pazia halifichi. Mtu akisimama mbele yake anaona picha mpya, na nyuma ya picha anaona ile sanamu ya zamani, zote mbili kwa mara moja. Hawezi tena kusoma sifa ya Ubelgiji bila kusoma jibu lake. Sheria haikuvunjwa, kwa maana hakuna jiwe lililoguswa. Wala uongo haukufutwa, ili watoto wasije wakasema kesho kwamba haukuwako. Umewekewa neno la pili juu yake. Kufikia mwaka 2020 ukumbi wa duara ulikuwa na sehemu zake tatu: kichwa kinachochipuka, fuvu la Lusinga, na mapazia.

Wako waliosema hata hivyo haitoshi, kwamba dhahabu ingetolewa tu na kupelekwa chini pamoja na mtu-chui. Sababu yao si ndogo. Pazia hutaka mtu asimame, atazame, afikiri. Na mtoto wa shule anayepita mbio huenda akaona dhahabu tu.

6. Jambo ambalo sanamu haiwezi

Lakini kuna neno zito kuliko hayo. Fuvu lililo Tervuren ni la kuchongwa. Fuvu lenyewe, mfupa wa mtu aliyezaliwa na mama, halikuwa katika ukumbi ule. Wakati wageni walipoanza kulitazama lile la Mpane, lenyewe lilikuwa lingali limehifadhiwa katika Taasisi ya Sayansi huko Bruxelles. Mwaka 2018 mwandishi wa gazeti Mbelgiji, Michel Bouffioux, aliandika habari yake kwa urefu, na watu wengi wakashtuka. Kuanzia 2019 wataalamu wa taasisi mbalimbali za Ubelgiji walichunguza habari za mifupa ya namna hiyo katika kazi iliyoitwa HOME, na ushauri wao ulikuwa kwamba irudishwe. Mwaka 2022 Ubelgiji ulitunga sheria ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni, lakini sheria hiyo ilihusu vitu, haikuhusu mifupa ya watu. Mwaka huohuo sanamu ya kichwa cha Storms, iliyosimama katika bustani ya mji wa Bruxelles, iliondolewa. Kwa hiyo kichwa cha Storms kilishushwa kabla kile cha Lusinga hakijazikwa.

Sisi Wakongo twajua maana yake. Maiti isiyozikwa haijamaliza safari. Hata mtu mkali, hata aliyewauza jirani zake, akifa watu humfunika kwa udongo, na hukumu humwachia Mungu. Kanisa nalo huhesabu kuzika wafu kati ya matendo ya huruma, wala halikuandika kwamba ni kwa ajili ya wema tu. Lusinga alinyimwa huruma hiyo, kwa sababu kichwa chake kiligeuzwa kuwa kitu cha kupimwa na kuonyeshwa. Msanii aliweza kumrudishia jina. Hakuweza kumrudishia kaburi. Nadhani Mpane alijua hivyo, na ndiyo sababu fuvu lake lina mianya: ni mahali palipo wazi, pakingoja.

7. Kwa yubile yetu

Wasomaji wapenzi, mbona habari ya Tervuren katika kitabu cha Kiambi? Kwa sababu nasi siku hizi twafanya ukumbusho. Twatundika picha, twaandika majina juu ya mbao na juu ya mawe. Nafikiri kazi ile yatufundisha mambo matatu.

La kwanza, ukumbusho haukamiliki siku ya kufunguliwa. Tukisikia mtu anasema, «Mmemsahau baba yangu aliyebeba mawe ya msingi,» tusimjibu kwamba kazi imekwisha. Tuongeze jina.

La pili, si lazima kubomoa ili kusema kweli. Tsimba alitumia dirisha na jua. Mpane na Müller walitumia kitambaa. Wazee waliotutangulia, mapadri wa kwanza pamoja nao, walifanya mema mengi na makosa pia. Tusiyafiche mema kwa ajili ya makosa, wala makosa kwa ajili ya mema. Tuyaweke moja mbele ya jingine, yatazamane.

La tatu, maneno mazuri na sanamu nzuri hazilipi deni. Kama kuna kaburi la katekista lililomezwa na majani, shada la maua lililochorwa katika kitabu hiki halitalifyeka. Tuende na majembe.

Siku moja, tunatumaini, mfupa wa sultani wa Marungu utavuka bahari kurudi milimani kwake. Watakaompokea watakuwa wana wa ukoo wake, na labda wana wa wale aliowauza. Watasimama pamoja penye shimo moja, kila mmoja na udongo mkononi. Hapo kazi iliyoanzishwa na tezo la Mpane itakuwa imefika mwisho wake.

Mungu awapumzishe wafu wote wa nchi hii, wanaojulikana majina na wasiojulikana, na atujalie sisi kufanya yubile yetu katika kweli.